Pua ya Dobi

10 Machi, Jumatatu

Daftari hili nimepewa na daktari leo asubuhi, wakati tunatoka wodini. Upande wa mbele amechora mistari kwa rula: saa, alichokula, alichokunywa, maumivu kati ya sifuri na kumi. "Andika kila kitu, mama," akaniambia. "Hata maji. Hata pipi. Tarehe nane mwezi wa nne mnarudi kliniki, na wewe unarudi na daftari." Basi upande wa mbele ni wa mume wangu. Mimi nimeligeuza juu chini nikaanzia nyuma, na huku ni kwangu. Huku nitawaandika walionipaka matope, na siku nitakayowanawisha uso wao.

Mimi ni dobi. Mume wangu ni seremala, hutengeneza milango. Jumapili ya wiki iliyopita, tarehe mbili, tulikuwa na wageni wa chakula cha mchana: mama mkwe wangu na wifi yangu, ambaye moyoni namwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Mume wangu alichelewa karakana, nikamwekea sahani yake pembeni, nikaifunika. Alipofika alikula vijiko vitatu, akashika tumbo hapa juu, chini ya kifua, akapiga magoti. Maumivu yalimpenya mpaka mgongoni. Akilala yanazidi, akiinama mbele anapata nafuu kidogo, halafu anatapika tena. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa bado halijafika, lakini Redio alikuwa ameshatangaza: "Sisi sote tumekula, tuko wazima. Sahani yake ilikuwa peke yake. Kwa nini ilikuwa peke yake?"

Mama mkwe aliniangalia tu, na kuniangalia kwake kulikuwa kusema.

Ugonjwa wenyewe ni wa kongosho. Daktari alinichorea: kitu kirefu kimelala nyuma ya tumbo, kinatengeneza maji ya kusagia chakula na homoni ya kudhibiti sukari. Kikivimba, yale maji huanza kazi kabla ya kutoka, yakakisaga chenyewe. Walimpima damu, wakampiga picha ya tumbo kutafuta mawe kwenye mfuko wa nyongo, maana mawe hayo nayo huleta balaa hili. Hayakuwapo. Ndipo daktari akafunga mlango, akamuuliza mume wangu mbele yangu, "Unakunywa?" Mume wangu akatazama ukuta. Mimi ndiye niliyejibu kwa kichwa.

Nilijua siku nyingi. Anaficha chupa nyuma ya makopo ya vanishi akidhani harufu zitamezana. Lakini vanishi hukaa juu ya kitambaa. Pombe kali hutoka na jasho, ikalala kwenye kola na kwapani, na hata ukiloweka mara mbili, maji ya kwanza yatakuambia. Pua yangu ndiyo inayonilisha. Kabla sijaliona doa, nimeshalinusa.

Tumbo lilipotulia kwa dripu na sindano, neno la kwanza alilolitamka lilikuwa, "Usimwambie mama. Itamuua." Baba yake alikufa kwa pombe. Mama mkwe alitoa kila glasi iliyokuwamo nyumbani, akazipasua uani moja moja, tangu hapo kwao wanakunywea vikombe vya bati. Na mume wangu aliapa mbele ya jeneza kwamba pombe haitagusa mdomo wake. Nikamwahidi sitasema. Ndiyo maana leo mimi ni mtia sumu.

12 Machi

Mvua. Mashuka ya nyumba ya wageni hayakauki. Amekula vizuri, chakula kisicho na mafuta. Maumivu mawili.

13 Machi

Mvua.

15 Machi, Jumamosi

Mwalimu mkuu amekuja kuchukua mashati yake matano. Nikamwambia bado mabichi, hayajapigwa pasi. "Si kitu, nitayaanika nyumbani," akasema, huku anatazama viatu vyake. Yule mzee hajawahi kuanika hata soksi. Nikayakunja yakiwa yanachuruzika, nikamwekea kwenye mfuko, yakamlowesha suruali. Nilifurahi kidogo.

Ni wa nne wiki hii. Redio anapita kwa wateja wangu nyumba kwa nyumba, kwa sauti ya huruma: "Tunamwombea kaka. Sisi hatumsemi mtu, ila sahani ilikuwa peke yake." Zamani nilikuwa nikichelewa kumaliza kazi kwa wingi wa nguo. Leo nimekaa saa nzima nahesabu vibanio vya kamba.

Subiri, wifi. Nitakufua bila sabuni.

18 Machi

Mama mkwe sasa anamletea mwanawe chakula kutoka kwake, ili asile changu. Leo ameleta nyama ya kukaanga inayoogelea kwenye mafuta. Nikamwambia kwa adabu zote, "Mama, daktari amekataza mafuta kwa sasa. Kongosho ikipewa mafuta inalazimishwa kufanya kazi wakati inauma."

"Unataka afe njaa?"

"La, mama."

"Basi kaa kando nimlishe mwanangu."

Nyama yenyewe ilikuwa imeungua chini. Hakujua. Tangu homa aliyougua miaka ile, mama hasikii harufu hata kidogo. Maziwa yanaweza kufurika jikoni kwake, moshi ukajaa, yeye ameketi anashona kifungo. Zamani tulikuwa tunataniana naye: "Mama, pua yako ni pambo." Naye hunijibu, "Ndiyo maana nilitafuta mkwe mwenye mbili." Enzi hizo nilikuwa mkwe.

Maumivu manne, saa kumi jioni. Nimeandika mbele: nyama ya kukaanga, kutoka kwa mama. Nimepigia mstari.

19 Machi

Mvua. Hakuna aliyeleta nguo.

23 Machi, Jumapili

Redio ameitisha kikao. Wataketi kwa mama mkwe Jumapili ya tarehe sita, baba mdogo ataongoza. Ajenda ni mimi. Nimeambiwa nihudhurie "kwa faida yangu mwenyewe".

Nimemwambia mume wangu, "Sasa utasema?" Akanishika mkono, akaanza kulia. Nikautoa mkono wangu. Machozi yake yamenichosha, kila yakitoka mimi ndiye ninayelowa.

26 Machi

Leo sijui niandike nini juu yake. Nilimkuta karakana, peke yake, mbele ya benchi. Mikono yake inatetemeka ile mbaya, randa haishikiki. Alikuwa amejipangia kazi ndogo ndogo tu, anachonga vibanio vya nguo kwa kisu. Kumi na viwili, vya mti mweupe, vimepigwa msasa mpaka vinateleza. "Vyako vya plastiki vinaacha alama kwenye kola," akasema. "Siku ishirini na nne, mke wangu. Naziweka alama ukutani." Akanionyesha. Mistari ishirini na minne ya penseli, mingine imepinda kwa ule mtetemo.

Nikanusa kola yake bila kujificha. Mbao, jasho, sabuni yangu. Basi.

Daktari alituambia wazi siku ile tunaondoka: kongosho iliyovimba mara moja inaweza kupona, lakini akirudia pombe, hata kidogo, ya pili inaweza kuondoka naye. Hakuna dawa ya kuizuia ila kuacha, na sigara nayo iachwe. Nilimtazama anachonga kibanio cha kumi na tatu, nikaona anajitahidi kweli. Siku za uchumba sikumpenda bure.

Lakini kikao ni tarehe sita, na yeye bado hajasema atasema.

29 Machi, Jumamosi

Mama mkwe ameleta chupa.

Amekuja asubuhi, mvua imemlowesha mpaka kwenye viatu, kaishika kifuani kama mtoto mchanga. Aliinunua kwa muuza dawa wa kituo cha mabasi, yule mwenye kipaza sauti na picha za minyoo. Mizizi na magome, yamelowekwa kwenye maji ya kahawia. "Ni dawa ya kutoa sumu mwilini," akasema, na neno sumu alilisema huku ananitazama. "Kikombe kimoja asubuhi, kimoja mchana. Mpaka itoke yote uliyomwekea."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni mkononi. Alipofungua kizibo, harufu ikanifikia kabla ya neno lake la mwisho. Juu kuna uchungu wa magome, kuna kitu kama tangawizi. Chini yake, pombe. Kali, safi, ile ile ya kola.

Yeye hakusikia chochote. Akamimina kwenye kikombe cha bati alichokuja nacho, taratibu, asimwage hata tone. Mume wangu akakipokea. Kilipofika karibu na mdomo akasita, pua zake zikatanuka. Akanitazama juu ya ukingo wa kikombe. Alijua. Na akajua kwamba ninajua. Tukatazamana mimi na yeye, mama yake katikati yetu anasubiri apone.

Ningeweza kusema. Neno moja tu: mama, hiyo ni pombe. Lakini nikamwona Redio, nikamwona mwalimu mkuu na mashati yake mabichi, nikamwona mama huyu huyu na nyama yake. Nikafikiria kikao. Baba mdogo yuko pale, wote wako pale, na mimi naomba chupa hiyo, naipitisha mkono kwa mkono, kila mtu ananusa. Nani mtia sumu? Nikawaza, siku nane tu.

Akanywa. Akafumba macho.

Nimenusa. Nimenyamaza. Mbele nimeandika: dawa ya mama, kikombe kimoja.

30 Machi

Vikombe viwili. Mvua.

31 Machi

Vikombe viwili. Mama mkwe amefurahi kwa vile rangi imemrudia usoni. "Unaona?" ananiambia. "Inatoka." Ninasema, "Naona, mama."

2 Aprili

Seremala wangu leo anaimba. Karakana nzima inasikika, randa haitetemeki tena. Nikaingia nikatazama ukutani. Mistari imeishia ishirini na sita.

"Umeacha kuhesabu," nikamwambia.

"Si ninakunywa dawa ya mama."

"Unajua unachokunywa."

Akacheka, kicheko kifupi. "Mama akimpa mwanawe dawa, mwanawe afanye nini? Aikatae?" Halafu akaacha kucheka. "Na wewe mbona hukusema?"

Nikatoka. Nilikuwa na mashuka ya kuanua kabla mvua haijarudi. Anauliza mbona sikusema, yeye aliyenifunga mdomo mwezi mzima! Hasira ilinishika mpaka nikakata kamba ya nguo kwa kuivuta, mashuka yote yakaenda kwenye tope. Nikayafua upya, yote kumi na mawili, na kila moja nililikamua kama shingo ya mtu.

4 Aprili, Ijumaa

Ameomba kikombe cha tatu. Mama mkwe akampa kwa moyo mweupe. Maumivu matatu, yanapita. Amesema ni kula haraka.

5 Aprili

Maumivu manne. Kesho.

Nimesimama jikoni na chupa mikononi, imebaki robo. Ningeweza kuimwaga. Nimeirudisha kabatini. Siku moja tu.

7 Aprili, Jumatatu

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi. Jana ilikuwa hivi.

Tulikaa sebuleni kwa mama mkwe, baba mdogo kwenye kiti cha mkono, Redio karibu naye, mimi kwenye kigoda. Mume wangu alikuwa chumba cha pili amejilaza, amesema tumbo linamsumbua. Mvua ilipiga bati mpaka Redio akalazimika kupaza sauti, na hilo halikumsumbua. Akaeleza yote tangu mwanzo: sahani ya pembeni, kifuniko, vijiko vitatu. Akaongeza chumvi palipopungua. Nilikuwa nimebadilisha chumvi kwenye kopo lile wiki hiyo, ati. Nilikuwa nimenuna asubuhi hiyo, ati. Mwisho akasema, "Tusingekuwa na mama na dawa yake, leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Baba mdogo akanigeukia. "Mkwe wetu, una la kusema?"

Nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa siku nane nikipiga pasi. Lakini nilisema maneno machache tu: "Naomba hiyo dawa iliyomponya."

Mama mkwe alikuwa ameibeba kutoka kwetu asubuhi hiyo kwa ajili ya mwanawe; akaileta mwenyewe, kwa fahari. Nikaifungua, nikampa baba mdogo. "Baba, nusa."

Akanusa. Uso wake ukabadilika, akairudisha puani mara ya pili. Yule mzee aliishi na kaka yake mlevi miaka na miaka, hahitaji kufundishwa. "Hii ni pombe," akasema. "Hii ni pombe kali."

"Ni dawa," akasema mama mkwe.

"Shemeji, ni pombe. Nusa." Halafu akakumbuka, akampa Redio. Redio akanusa, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakikutoka kitu. Akaiweka chupa mezani, mkono wake unatafuta pa kukaa.

Sitadanganya daftari. Dakika hiyo ilikuwa tamu. Damu ilinipanda kichwani kwa raha, nikainua uso, nikawatazama mmoja mmoja, nikasubiri waniombe msamaha. Nikamwona mama mkwe amebaki amesimama katikati ya chumba, kikombe cha bati mkononi, anatazama ndani yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo. Hata hilo lilinifurahisha.

Ndipo tukamsikia. Si kilio, ni ile sauti niliyoisikia siku ya vijiko vitatu, lakini ndefu zaidi. Tulimkuta sakafuni amejikunja, paji la uso limegusa zulia, jasho linamtiririka, anatapika nyongo. Nilimshika. Ngozi ilikuwa baridi na mapigo yanakimbia. Nilimwita jina lake la nyumbani na hakuitika.

Daktari aliyempokea ni yule yule. Dripu mbili, mpira puani, oksijeni, sindano ya maumivu. Presha ilikuwa imeshuka. Wamemweka chumba cha uangalizi, nesi anapima mkojo wake kila saa kujua kama figo zinafanya kazi. "Ni mbaya kuliko ya kwanza," daktari amesema. "Siku tatu hizi ndizo za kuamua."

8 Aprili, Jumanne

Leo ndiyo siku tuliyopangiwa kliniki. Nimekuja na daftari, kama nilivyoambiwa.

Asubuhi mume wangu alifumbua macho, akamwita mama yake. Nesi akaturuhusu sote wawili dakika tano. Alizungumza kwa pumzi fupi fupi, na akasema yote: chupa nyuma ya vanishi, miaka miwili, kiapo cha jeneza. "Hakuniwekea kitu, mama. Nilikuwa nakunywa. Yeye nilimkataza asiseme." Mama mkwe alimfunika mwanawe miguu, akamkanda vidole, akasema tu, "Pumzika." Alitoka mkavu wa macho.

Tulikuwa benchini daktari alipokuja kuchukua daftari. Akafungua upande wa mbele, akashuka na kidole. "Siku kumi na tisa, ukitoa hii nyama, safi kabisa," akasema. "Nilikuwa sijapata mgonjwa mwenye daftari zuri kama hili." Kidole kikasimama. "Hii dawa ya mama ndiyo nini? Kikombe kimoja, viwili, viwili, viwili, vitatu."

Chupa ilikuwa kwenye mfuko wangu tangu kikao. Nikampa. Akanusa kidogo tu, akafunga kizibo, akamtazama mama mkwe kwa huruma, maana huyu daktari ni mtu mzuri. "Mama, dawa nyingi za kienyeji hulowekwa kwenye pombe ili zisioze. Wewe hukujua. Lakini kwa mtu wa kongosho, kila kikombe kilikuwa pigo." Akaondoka nalo daftari kwenda kunakili, akanirudishia baadaye. Upande wa nyuma hakuufungua.

Tukabaki wawili. Mama mkwe akaomba chupa. Akaifungua, akaiweka chini ya pua yake, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote, mpaka mabega yakapanda. Akashusha. Akavuta tena. Alifanya hivyo mara nne, mara tano, watu wanapita, nesi anapita na kigari. "Sisikii," akasema. "Sisikii kitu, mwanangu. Naweza kuapa ni maji."

"Najua, mama."

Akafunga kizibo. Akawa anakizungusha. Halafu akasema, bila kunitazama, "Juzi kikaoni uliiomba chupa. Hukuinusa kwanza. Ulimpa shemeji, ukamwambia nusa."

Nikaanza kukunja ncha ya khanga yangu.

"Wewe unayelinusa doa kabla hujaliona. Ulikuwa mlangoni siku niliyoifungua. Na beseni. Nakumbuka beseni." Sasa akanitazama. "Hukunusa?"

Ningeweza kusema nilikuwa na mafua. Ilikuwa msimu wa mvua, kila mtu ana mafua. Jibu lilifika mpaka kwenye ulimi.

"Nilinusa, mama."

"Lini?"

"Siku ile ile ya kwanza."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei ya kitu na kukuta ndiyo aliyoitarajia. "Mwezi mzima tulikusingizia sumu," akasema. "Tulikukosea sana, na Mungu ameona." Akaniwekea chupa mapajani. "Basi wifi yako hakusema uongo. Alikosea siku tu."

11 Aprili

Figo zinafanya kazi. Presha imekaa. Wamemtoa chumba cha uangalizi.

Mvua imekatika leo.

16 Aprili

Ameanza kunywa supu nyepesi. Amepungua mpaka mifupa ya mabega inaonekana. Daktari amempangia mshauri wa watu wanaoacha pombe, kila Alhamisi, na amekubali mwenyewe. Sukari yake inapanda, huenda kongosho haitarudi kufanya kazi yote. Atapimwa tena na tena.

24 Aprili, Alhamisi

Tuko nyumbani siku ya tatu. Jua kali, mashuka yanakauka kabla sijafika mwisho wa kamba. Natumia vibanio vyake vya mti, haviachi alama.

Yote niliyoyataka nimeyapata. Mwalimu mkuu amerudi na mashati kumi, akadanganya vibaya kwamba alikuwa safarini. Baba mdogo amepita kwa majirani kunisafisha jina, nyumba zile zile alizopita Redio. Redio mwenyewe alikuja jana, akapiga magoti penye maji ya sabuni, akasema, "Wifi, nisamehe, nilikuzulia." Nilikuwa nimeusubiri wakati ule wiki saba. Nikamwambia ainuke, gauni litaloa.

Maana mama mkwe hajamwambia mtu. Si binti yake, si shemeji yake, si mwanawe. Nimemsikiliza kwa wasiwasi siku zote hizi, kila anapofungua mdomo mbele ya watu. Hajasema.

Asubuhi hii alikuja na uji wa mwanawe, mwepesi, hauna hata tone la mafuta. Redio alikuwepo, na baba mdogo, na jirani mmoja aliyekuja kuona mgonjwa. Mama akamimina kwenye kikombe cha bati. Mume wangu akanyoosha mkono, lakini mama hakumpa. Alivuka chumba chote, akampita mgeni, akaja mpaka nilipokuwa nimesimama mlangoni na beseni, akaniinulia kikombe mpaka chini ya pua.

"Nusa," akasema, kwa upole kabisa.

Wengine wakatabasamu, wakaona ni heshima, kwamba sasa mkwe anaaminiwa. Jirani akasema, "Mmebahatika, mna dobi mwenye pua." Mama hakutabasamu. Alisubiri. Alifanya hivyo jana, na juzi, asubuhi na mchana.

Nikanusa. Uji mtupu.

"Mpe, mama," nikasema, na ndipo akampelekea.